Kiwewe kina tiba, lakini sharti ipangwe

Dereva mmoja wa matatu alikuja kwangu akitaka dawa ya usingizi. Alisema kwamba kwa miezi mitano hakuwa amelala usiku mzima. Nilimpima shinikizo la damu, nikamsikiliza moyo, nikamwuliza maswali mawili matatu, kisha nikampa vidonge vya diazepamu vya wiki mbili. Vilipokwisha alirudi, nami nikampa vingine. Tuliendelea hivyo kwa muda wa miezi minne, hadi siku moja alipokuja na mkewe, na mkewe ndiye aliyezungumza.

"Daktari," alisema mama huyo, "baba watoto hajashika usukani tangu ile ajali. Akisikia breki za lori anajitupa chini. Juzi mtoto alimgusa mgongoni akiwa amelala, akaamka akamkaba koo. Sasa watoto wanalala kwa shangazi yao."

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningalipaswa kuliuliza siku ya kwanza: ajali gani? Ilikuwa ni lori ambalo breki zake zilikatika katika mteremko wa Salgaa, likayagonga magari yaliyokuwa mbele yake. Makanga wa dereva huyu, ambaye walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka sita, alifia mikononi mwake kando ya barabara. Yeye mwenyewe alitoka na mikwaruzo tu. Watu walimwambia kwamba ana bahati.

Kosa lilikuwa langu. Nilitibu usingizi, nikaacha ugonjwa. Dereva huyo ameniruhusu nisimulie habari zake, baada ya kubadilisha mambo machache asitambulike, kwa sababu anaamini kwamba wako wengi walio kama yeye. Nami pia naamini hivyo. Basi leo, msomaji, tutazame ugonjwa huu ni upi, na zaidi ya hayo, tiba yake hupangwa vipi ili ifanye kazi.

UGONJWA WENYEWE

Maradhi haya huitwa maradhi ya kiwewe, na wataalamu huyafupisha kwa herufi PTSD. Yaliingizwa katika orodha rasmi ya maradhi ya akili ya madaktari wa Marekani mwaka wa 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kumalizika. Kwa sababu hiyo, wengi hudhani kwamba ni maradhi ya wanajeshi wa ng'ambo. Sivyo hata kidogo.

Sisi Wakenya tumeyaona kwa macho yetu. Mnamo Agosti 7, 1998, bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua watu 213 na kujeruhi maelfu. Zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, shambulizi la Westgate mwezi Septemba 2013, na mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2, 2015. Hata hivyo, wagonjwa wengi ninaowaona hawatoki katika matukio yaliyotajwa redioni. Wanatoka katika ajali za barabarani, ubakaji, vipigo vya nyumbani, uvamizi wa majambazi, moto wa mitaa ya mabanda, na mafuriko.

Ni muhimu kufahamu kwamba si kila anayepatwa na janga huugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 70 kati ya kila 100 duniani hupatwa na tukio la kutisha wakati fulani maishani mwao, na kati ya hao waliopatwa, wapatao 6 katika kila 100 ndio wanaougua. Idadi hiyo huwa kubwa zaidi kwa waliobakwa na waliopitia vita. Walio wengi hutetemeka, hukosa usingizi, huota ndoto mbaya kwa siku au wiki kadhaa, kisha hutulia wakiwa na watu wao. Ndiyo sababu daktari hawezi kumwambia mtu ana PTSD siku tatu baada ya ajali. Sharti dalili ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja, na ziwe zinamzuia mtu kufanya kazi, kusoma au kuishi vyema na watu wake.

Dalili zenyewe ziko katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni tukio kurudi: ndoto za usiku, picha zinazomjia mtu mchana bila kuitwa, moyo kwenda mbio anaposikia sauti au kunusa harufu inayofanana na ya siku ile. Fungu la pili ni kukwepa: hapiti njia ile, hataki kuzungumza habari zile, hawezi kutazama picha za aliyekufa. Fungu la tatu ni fikira na hisia kugeuka: "ni kosa langu", "hakuna mtu wa kuaminika", kutoona furaha hata katika harusi ya nduguye. La nne ni mwili kukaa macho kama askari wa zamu: kushtuka upesi, hasira za ghafla, usingizi wa mang'amung'amu, kutoweza kutuliza mawazo mahali pamoja.

Mbona mambo yawe hivyo? Chukua mfano wa ofisi ya karani. Kumbukumbu za kawaida ni kama faili zilizoandikwa tarehe na kuwekwa kabatini. Unajua iko, unajua ni ya zamani, unaitoa unapoihitaji. Kumbukumbu ya kiwewe ni faili isiyo na tarehe iliyoachwa wazi juu ya meza. Kila upepo unapovuma, kurasa hufunguka, na mtu huhisi kwamba jambo lile linatendeka sasa hivi. Kuikwepa meza hakuisaidii faili kuingia kabatini. Si pepo, si kurogwa, wala si udhaifu wa moyo. Ni kumbukumbu ambayo haijapata mahali pake.

KWA NINI TIBA IPANGWE?

Wako wanaofikiri kwamba kumtibu mtu mwenye kiwewe ni kukaa naye na kumwacha aseme yote hadi machozi yamkauke. Nia ni njema, lakini nia njema peke yake haitoshi. Twahitaji ushahidi, yaani kujua kwamba njia fulani ilijaribiwa kwa watu, ikalinganishwa na njia nyingine, na matokeo yakapimwa.

Nikupe mfano. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa desturi, kila palipotokea janga, kuwakusanya waathiriwa siku chache baadaye na kuwataka wasimulie kila kitu katika kikao kimoja. Ilionekana ni busara. Kisha watafiti wakaanza kupima. Katika utafiti mmoja uliofanywa Wales na kuchapishwa mwaka wa 1997, wagonjwa waliokuwa wameungua moto waligawanywa kwa kura: baadhi walipewa kikao hicho, wengine hawakupewa. Miezi 13 baadaye, 26 katika kila 100 waliopewa kikao walikuwa na PTSD, ilhali kwa wale wasiopewa walikuwa 9 katika kila 100. Tafiti nyingine zilipokusanywa pamoja na hiyo, ilibainika kwamba kikao kimoja cha kumlazimisha mtu kusimulia hakizuii ugonjwa, na huenda kikawadhuru baadhi ya watu.

Kwa hiyo katika siku za kwanza mtu asilazimishwe kueleza. Mpe usalama, chakula, blanketi, simu ya kuwapigia jamaa zake, na sikio ikiwa mwenyewe anataka kusema. Kama ni aliyebakwa, afikishwe hospitalini mara moja kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, dawa za kuzuia mimba, na majeraha yake yaandikwe katika fomu zinazohitajika mahakamani.

Lakini mwezi ukishapita na dalili zikaendelea, hapo tena si wakati wa kungoja. Ni wakati wa mpango. Mpango mzuri una hatua tano.

HATUA YA KWANZA: KUPIMA YOTE

Daktari au mwanasaikolojia hana budi kwanza kujua anatibu nini. Aliyegongwa kichwa katika ajali huenda ana jeraha la ubongo. Anayetetemeka na kutokwa jasho huenda ana maradhi ya tezi la shingo, au mwili unadai pombe. Anayekosa hamu ya kila kitu huenda ana sonona pia, na mara nyingi magonjwa haya mawili hutembea pamoja.

Kisha kuna suala la usalama. Je, mgonjwa ana mawazo ya kujiua? Je, hatari bado ipo? Mwanamke anayepigwa na mumewe kila mwisho wa mwezi hana haja ya kuzoea hofu yake, kwa kuwa hofu hiyo inamwambia kweli. Huyo kwanza apatiwe mahali salama na msaada wa kisheria.

Mwisho, dalili zipimwe kwa namba. Kuna karatasi ya maswali 20 inayotumika sana, iitwayo PCL-5. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, na jumla yake huwa kati ya 0 na 80. Alama zipatazo 31 hadi 33 na zaidi huashiria kwamba huenda mtu ana PTSD, ingawa karatasi haiwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo na mtaalamu. Dereva wangu alipata 54. Kwa miezi minne nilikuwa nimempima shinikizo la damu mara nane, na kiwewe chake sikukipima hata mara moja.

HATUA YA PILI: LENGO

"Nataka nipone" ni ombi, si lengo. Lengo ni jambo ambalo mgonjwa na mtaalamu wataweza kuona kama limetimia au la. Dereva yule alitaja matatu: watoto warudi kulala nyumbani, arudi kuendesha gari, na aweze kwenda kumsalimu mama ya marehemu makanga, ambaye alikuwa hajathubutu kumtazama usoni. Tuliyaandika. Kila kilichofanywa baadaye kilifanywa kwa ajili ya mambo hayo matatu.

HATUA YA TATU: KUCHAGUA NJIA

Njia zenye ushahidi mkubwa kabisa ni tiba za mazungumzo zinazoikabili kumbukumbu yenyewe badala ya kuizunguka. Nitazitaja nne.

Ya kwanza ni tiba ya kukabili hofu hatua kwa hatua, iliyobuniwa na Profesa Edna Foa wa Marekani. Aghalabu huwa na vikao 8 hadi 15 vya dakika 90. Mgonjwa husimulia tukio kwa sauti, mara kwa mara, akiwa mahali salama, na sauti hiyo hurekodiwa ili aisikilize nyumbani. Pia huandika ngazi ya mambo anayoyakwepa, kuanzia jepesi hadi gumu, na kuyapanda moja baada ya jingine. Hufaa sana pale kukwepa kunapokuwa ndiko kunakovunja maisha ya mtu.

Ya pili ni tiba ya kuchambua fikira, iliyobuniwa na Profesa Patricia Resick, naye pia wa Marekani. Kwa kawaida huwa na vikao 12. Mgonjwa hufundishwa kuzitambua fikira zilizokwama, kama vile "ningalipiga kelele nisingalibakwa", na kuzihoji kama wakili anavyomhoji shahidi: ushahidi uko wapi? Ulijua wakati ule unayoyajua sasa? Hufaa hasa pale hatia na aibu vinapomlemea mtu.

Ya tatu ni tiba ya masimulizi ya maisha, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, kwa ajili ya watu waliopatwa na mengi, siyo tukio moja. Mgonjwa hutandika kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Juu yake huweka maua kwa mambo mema na mawe kwa mabaya. Kisha yeye na mtaalamu huyapitia kwa utaratibu hadi kila jiwe lipate tarehe na mahali pake.

Ya nne hujulikana kwa herufi EMDR, na ilianzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980. Mgonjwa huishika kumbukumbu akilini huku akifuata kwa macho kidole cha mtaalamu kinachokwenda kushoto na kulia. Huenda ukacheka, lakini Shirika la Afya Duniani liliitaja katika mwongozo wake wa mwaka wa 2013 miongoni mwa tiba zinazofaa.

Labda utauliza: je, mambo haya yanatufaa sisi, au ni ya Wazungu? Swali ni zuri, na jibu lake linatoka hapa kwetu. Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda, wakimbizi kutoka Sudan waligawanywa katika makundi matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2004. Mwaka mmoja baada ya tiba, ni 29 tu katika kila 100 waliopewa tiba ya masimulizi waliokuwa bado na PTSD. Waliopewa ushauri wa kawaida au mafunzo tu walikuwa karibu 80 katika kila 100.

Mashariki mwa Kongo, wanawake walioteswa na kubakwa vitani walipewa tiba ya kuchambua fikira kwa makundi. Waliowapa hawakuwa maprofesa bali wasaidizi wa kijamii waliofunzwa na kusimamiwa vizuri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 yalionyesha nafuu kubwa kuliko kwa wale waliopata msaada wa kawaida. Na huko Bungoma na Moshi, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020, ambapo watu wa kawaida waliofunzwa waliongoza vikao vya makundi vya tiba ya kiwewe. Katika sehemu 3 kati ya 4 za utafiti, watoto hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma za kawaida. Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba tiba hii haiwezi kufanywa kwa Kiswahili, au kwamba ni mpaka uende ng'ambo.

HATUA YA NNE: KUITENGENEZEA NAFASI

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika, na haivunjwi na ugonjwa bali na nauli. Tiba ya vikao 12 ni safari 12. Nani atashika duka? Mwajiri ataruhusu? Kazi ya nyumbani itafanyiwa wapi?

Dereva wetu alianza tiba ya kukabili hofu kwa mwanasaikolojia wa hospitali ya kaunti, kila Jumanne. Ngazi yake ilianza kwa kukaa ndani ya matatu iliyoegeshwa stejini, injini ikiwa imezimwa. Iliendelea kwa kusafiri kama abiria, kuendesha alfajiri barabara ikiwa tupu, na kidato cha juu kabisa kilikuwa kupita Salgaa mwenyewe akiwa kwenye usukani. Alama zake zilishuka kutoka 54 hadi 41 kufikia kikao cha tano. Kisha zikasimama.

HATUA YA TANO: KUPIMA TENA NA KUREKEBISHA

Tiba bila vipimo ni kama kuendesha gari usiku bila taa. Karatasi ileile ya maswali 20 hujazwa kila wiki au kila baada ya vikao vichache. Alama zikishuka kwa 10 au zaidi, kuna jambo linaloendelea. Zisiposhuka baada ya vikao kadhaa, mtaalamu asimlaumu mgonjwa. Aulize.

Tuliuliza. Ikabainika kwamba dereva hakuwa akisikiliza rekodi zake nyumbani. Nyumba yake ni chumba kimoja, na hakutaka mkewe asikie jinsi makanga alivyokuwa akimwita. Isitoshe, kila alipotaka kusikiliza alikunywa kwanza glasi mbili tatu za pombe ili apate ujasiri. Pombe hupooza hofu, na hofu iliyopoozwa haijifunzi kitu. Basi mpango ukarekebishwa. Shemeji yake alimpa nafasi katika kibanda chake cha kinyozi kila asubuhi kabla ya kufungua, na tukaweka utaratibu wa kupunguza pombe chini ya uangalizi. Pia mwanasaikolojia aligundua fikira iliyokwama: "Ningalipunguza mwendo angalikuwa hai." Vikao viwili vilitumiwa kuihoji fikira hiyo. Matatu yake ilikuwa imesimama kwenye foleni ilipogongwa. Mwendo gani angaliupunguza?

Kufikia kikao cha 12 alama zilikuwa 22.

KUHUSU DAWA

Je, dawa hazina nafasi? Zinayo. Dawa za sonona kama vile sertralini, paroksetini, fluoksetini na venlafaksini huwasaidia baadhi ya wagonjwa, hasa mahali ambapo hakuna mtaalamu wa mazungumzo, au pale sonona ilipomlemea mtu hata asiweze kuanza vikao. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na mtu asiziache ghafla. Hata hivyo, pale ambapo tiba ya mazungumzo inapatikana, hiyo ndiyo hutangulia.

Diazepamu na jamii yake ni jambo jingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unasema zisitumiwe kupunguza dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio, na miongozo mingine inashauri zisiwe tiba ya PTSD. Haziponyi kumbukumbu, na mwili huzizoea upesi. Lakini sikiliza vizuri: ikiwa umezitumia kwa wiki nyingi au miezi, usizitupe leo. Kuacha ghafla kwaweza kuleta kifafa. Mwone daktari akupunguzie kidogo kidogo, kama nilivyolazimika kumpunguzia dereva wangu baada ya kumzoesha mimi mwenyewe.

MASWALI NINAYOULIZWA

Je, maombi yanatosha? Imani humpa mtu nguvu na watu wa kumshika mkono, na sijamkataza mgonjwa yeyote kwenda kanisani au msikitini. Lakini tunamwombea aliyevunjika mguu na bado tunampeleka akafungwe plasta. Hili nalo ni vivyo hivyo.

Je, si afadhali kusahau? Wazee walisema funika kombe mwanaharamu apite. Methali hiyo inafaa kwa ugomvi wa majirani. Kwa kiwewe, kilichofunikwa hakipiti. Mgonjwa wa PTSD amejaribu kusahau kwa kila njia, na ndiyo maana yuko kwa daktari.

Je, kukabili kumbukumbu hakutaniumiza zaidi? Katika vikao vya kwanza wengine huhisi uzito kuongezeka kidogo. Ni kama kusafisha kidonda. Kwa walio wengi uzito huo hupungua vikao vinavyoendelea. Ukizidi, mwambie mtaalamu wako, usikimbie kimyakimya.

Je, kama tukio lilikuwa miaka 20 iliyopita? Muda haukufungii mlango. Nimewaona watu waliokuwa mjini Nairobi siku ile ya Agosti 1998 wakianza tiba wakiwa na wajukuu.

KABLA YA KUANZA

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 inataka wanaofanya kazi hiyo wawe wamesajiliwa. Usione haya kumwuliza mtaalamu wako maswali haya: Umesajiliwa? Umefunzwa tiba gani ya kiwewe? Vikao vitakuwa vingapi? Tutajuaje kwamba napata nafuu? Nisipopata tutafanya nini? Mtaalamu mzuri atafurahi kuulizwa. Anayekasirika, mwache.

Ukihitaji pa kuanzia, nenda katika hospitali ya rufaa ya kaunti yako uulize kliniki ya afya ya akili. Hospitali za Mathari na Kenyatta jijini Nairobi, na ile ya Moi mjini Eldoret, zina wataalamu. Simu ya 1195 hupokea waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, 116 ni ya watoto, na Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea kwa 1199. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Nanyi jamaa za mgonjwa, msimwambie "jikaze" wala "hujambo, mwenzako alikufa". Msimwamshe kwa kumgusa. Mwiteni jina kutoka mlangoni. Msimkimbilie kila anapoogopa, bali mwandamane naye katika ngazi yake, kidato baada ya kidato.

Dereva yule hajasahau. Bado hushtuka lori linapofunga breki kwa nguvu nyuma yake, na mwezi wa ajali unapokaribia usingizi humpungua. Hilo pia tumelipangia: katika juma hilo yeye hupitia tena rekodi yake, na mkewe huwa ameambiwa. Lakini watoto wanalala nyumbani. Anaendesha gari, ingawa si usiku. Na siku ya mwisho ya tiba alinieleza kwamba alikwenda kwa mama ya marehemu, wakakaa, wakanywa chai, na mama yule akamwuliza kwa nini alichukua muda mrefu hivyo kuja.

Jamaa mwingine alikuja kwangu juma lililopita akitaka dawa ya usingizi. Safari hii nilianza kwa kumwuliza usingizi ulipotea lini, na siku hiyo kulitokea nini.